Nina laki nane na miezi sita: nianze na cheti kipi, CCNA, Security+ au CC?

KijanaWaIlemela, Mwanza

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo wa mtu aliye ndani ya fani.

Mimi ni fundi wa kampuni ndogo ya intaneti hapa Mwanza, mwaka wa tatu sasa. Napanda mapaa kufunga antena, navuta fiba hadi sebuleni kwa mteja, nabana RJ45, naseti ruta za MikroTik. Nina diploma ya TEHAMA. Nikifungua Winbox, ile programu ya kuzisetia, najua pa kubonyeza kwa sababu nilionyeshwa. Ukiniuliza kwa nini pale na si kwingine, mara nyingi nanyamaza.

Mwezi uliopita mteja wetu mwenye duka la jumla alipiga simu asubuhi mapema: intaneti nzito. Nilipoingia kwenye ruta yake nikakuta mtumiaji ambaye hatukumweka sisi, na kwenye Scheduler, ratiba ya kazi za ruta, kuna kazi inayojirudia kila baada ya dakika kadhaa kwenda kuchukua skripti kwenye anwani nisiyoijua. RouterOS, yaani mfumo wa ruta yenyewe, ilikuwa toleo 6.40. Ile ruta ilitoka stoo, nikaifunga mimi bila kuisasisha. Nikamfuta yule mtumiaji, nikafuta ile kazi, nikabadilisha nywila, nikaweka ndefu yenye alama na namba. Siku ya nne alikuwa amerudi kwa jina lilelile. Tangu hapo nawaza ni ruta ngapi nimefunga kwa namna ile.

Sasa nataka kuingia kwenye usalama wa mtandao kwa dhati. Akiba yangu ni laki nane. Nimejipa miezi sita. Laptop ni ya RAM GB 4, intaneti nyumbani ni bando la wiki, na muda wa kusoma ni saa tatu hadi saa tano usiku watoto wakishalala. Kiingereza cha kusoma nakielewa, cha kusikiliza kikienda mbio kinanipita.

Vyeti ninavyoona vinatajwa sana ni Security+ ya CompTIA (usalama), CCNA ya Cisco (mitandao), na CC ya ISC2 (msingi wa usalama). Kila ninayemuuliza anakitetea alichonacho yeye. Nianze na kipi, na nisomeje?

MwanaTanga, Dar es Salaam

Mdogo wangu, karibu. Nina miaka kumi kwenye mitandao, na hii sita ya mwisho nipo kwenye dawati la usalama la taasisi moja ya fedha. Vyeti vyote vitatu ninavyo, na nilivichukua kwa mpangilio mbaya. Nitakueleza.

Lakini tumalize kwanza ruta ya mteja wako, maana jibu la swali lako limo humo humo.

Tundu lililokupata linajulikana, lina namba yake: CVE-2018-14847. Aliyeweza kuifikia poti 8291, ile ya Winbox, aliweza kuiomba ruta mafaili bila kuingia kwa nywila, pamoja na faili linalohifadhi watumiaji na nywila zao. Ndiyo maana kubadilisha nywila hakukusaidia. Aliisoma mpya kama alivyoisoma ya zamani, na urefu wake haukumsumbua. Dawa ilitolewa Aprili 2018, toleo 6.42.1, na kwa waliokuwa kwenye tawi la 6.40 ikatoka 6.40.8. Kwa hiyo fanya hivi: toa seti yake kwa `export` ili uipate kama maandishi, isome mstari kwa mstari kwa macho yako, usirudishe ile bakapu ya jumla maana utamrudisha na mgeni ndani. Ifute ruta yote kwa Netinstall, programu ya MikroTik ya kuweka mfumo upya, weka toleo jipya. Kisha `/ip service`: zima huduma za telnet, ftp, www na api kama huzitumii, na Winbox iruhusu kutoka anwani zenu za usimamizi tu. Malizia na faiwoli, kichujio cha ruta, kwenye cheni ya input: kinachotoka upande wa WAN, yaani nje, na hakikuitwa, kitupwe.

Sasa angalia nimetumia nini hapo. Poti ya TCP. Anwani inayotazama nje na inayotazama ndani. Tofauti ya input na forward, yaani paketi (kipande cha data) inayokuja kwa ruta yenyewe na inayopita tu kwenda kwa mwingine. Hayo yote ni mtandao. Mtu aliyesoma Security+ peke yake atakuambia kwa usahihi kabisa kwamba hapo kuna kifaa kisichosasishwa na mlango wa usimamizi ulioachwa wazi kwa dunia. Umwambie aufunge, atakwama.

Nasema hivi kwa sababu nilikuwa yeye. Mwaka 2016 nilifaulu Security+, ilikuwa bado SY0-401. Nilikariri vizuri. Wiki ya tatu kwenye kazi mpya, ghorofa nzima ikakosa intaneti, lakini si wote: wa dirishani wanapata, wa katikati hawapati, ukiwasha upya kompyuta inayofanya kazi nayo inakufa. Nikashika faiwoli, nikahangaika nayo karibu saa nzima. Akaja mzee mmoja fundi, hana cheti hata kimoja cha usalama. Akakaa kwenye kompyuta iliyokufa, akaandika `ipconfig`. Mtandao wetu ulikuwa wa 10.20, ile kompyuta ilikuwa na 192.168.0.104, na geitiwei, kifaa cha kutokea nje, 192.168.0.1. Akaandika `arp -a`, akanakili anwani ya MAC, namba ya kifaa chenyewe, ya ile geitiwei kwenye kiganja kwa kalamu. Akaingia kwenye swichi, `show mac address-table`, akaitafuta: poti ya 17. Tukafuata waya hadi ofisi ya uhasibu. Chini ya meza, nyuma ya ndoo ya takataka, kulikuwa na ruta ndogo ya nyumbani ambayo mtu aliileta apate WiFi, akachomeka waya wa ukutani kwenye tundu la LAN, la ndani, badala ya WAN. Ikaanza kugawa anwani zake kwa ghorofa zima kwa DHCP, ile huduma inayoipa kila kompyuta anwani. Dakika kumi, mzee amemaliza.

Na mimi neno lenyewe nilikuwa nalijua. Seva ya DHCP isiyo halali, nilishaijibu kwenye mtihani. Sikuwahi kuiona inavyofanana ikiwa hai, ndiyo maana ilipita mbele yangu saa nzima nisiitambue. Jioni ile nikaanza kusoma CCNA.

Kwako ushauri wangu ni CCNA kwanza, CC pembeni yake, Security+ baadaye ukipata wa kukulipia.

CCNA ni mtihani mmoja, 200-301, dakika 120, ada dola 300 kabla ya kodi, yaani zaidi ya laki saba. Akiba yako inatosha kufanya mara moja tu, hivyo usiweke tarehe kwa pupa. Asilimia 15 yake ni usalama wenyewe: orodha za ruhusa, poti za swichi zinazokataa wageni, na DHCP snooping, ambayo ndiyo ingeizuia ile ruta ya uhasibu isifike popote. Uzito mkubwa kuliko wote, asilimia 25, ni jinsi ruta zinavyopitisha paketi. Hapo ndipo pengo lako lilipo, umelisema mwenyewe. Na kwa mtihani huu huruhusiwi kurudi kwenye swali ulilolipita, kwa hiyo mazoezi yako ya nyumbani uyafanye hivyo hivyo.

CC ni ya ISC2, walewale wenye CISSP, cheti kikubwa cha usalama. Mwaka 2022 waliahidi kusomesha na kutahini watu milioni moja bila ada, nami nikaipata kwa njia hiyo. Ukijiunga angalia kama nafasi bado ipo. Ni ya msingi sana: kanuni za usalama, udhibiti wa kuingia, mtandao, kukabiliana na tukio, kazi za kila siku. Kwa mtu mwenye mikono yako ni kazi ya wiki sita. Haitakufundisha ufundi, ila itakupa lugha ya watu wa usalama, na jina la ISC2 kwenye CV linafanya mtu asome mstari wa pili. Jua tu kwamba ukishafaulu kuna ada ya dola 50 kila mwaka. Wengi wanashtukia hilo siku ya mwisho.

Security+ ya sasa ni SY0-701, ilitoka Novemba 2023. Maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na kufaulu ni 750 kwenye kipimo kinachoishia 900. Ni cheti kizuri, mimi nakiheshimu. Ila ada yake imepita dola 400, na laki nane zako hazifiki. Usikope kwa ajili yake.

Kusoma. Hapa nitakuwa mrefu kidogo, nivumilie.

Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuiga mitandao, unaipata bure ukifungua akaunti ya Networking Academy, na kwa GB 4 inakwenda. Saa zako mbili zigawe: nusu saa kusoma au kutazama, saa moja na nusu mikono. Kwa video, Jeremy's IT Lab ameweka kozi nzima ya CCNA bure YouTube, anatamka taratibu na anakuonyesha. Zipakue siku ukiwa ofisini, weka maandishi chini, punguza kasi hadi 0.75, wala si aibu. Ukifika Security+ siku moja, Professor Messer naye ameweka za kwake bure.

Kugawa subneti, yaani mtandao mmoja kuwa midogo, fanya kwa mkono, kwa kalamu, kila siku maswali kumi, hata siku uliyochoka. 172.16.45.130/26: mtandao ni upi, anwani ya matangazo (ya mwisho) ni ipi? /26 ni vipande vya 64, kwa hiyo 0, 64, 128, 192, 130 imo kwenye 128, mtandao ni .128, matangazo ni .191. Mwanzoni itakuchukua dakika tatu. Ifike sekunde ishirini. Usitumie kikokotoo cha mtandaoni hata kama upo peke yako.

Na una kitu ambacho mimi sikuwa nacho, una ruta za kweli mkononi. Kila ukifunga ya mteja, washa Wireshark, programu ya kunasa paketi, kwenye laptop kabla ya kuchomeka waya. Utaona zile paketi nne za DHCP zikipita: Discover, Offer, Request, Ack. Zifungue, soma kilichomo. Ukishaziona kwa wateja watano hutazisahau tena.

Bando likikaribia kuisha, ingia Bandit ya OverTheWire. Ni mchezo wa kujifunza Linux kwa SSH, yaani kuingia kompyuta ya mbali, maandishi matupu, unaanza ngazi ya 0 na kila ngazi inakupa nywila ya inayofuata. Saa nzima haili hata bando la picha tatu.

Mswahili_wa_Doha

Salaam aleikum nyote. Dada MwanaTanga kasema kweli, lakini niongeze upande ambao yeye hauoni akiwa Dar.

Mimi ni wa Likoni, niko Doha mwaka wa nne, nakaa zamu ya usiku kwenye SOC, kituo cha kufuatilia usalama wa mtandao. Huku Security+ ndiyo iliyonifungulia mlango. Sababu yake ni ya kikazi: jeshi la Marekani liliiweka kwenye orodha yake ya vyeti vinavyokubalika, kwanza kwa agizo la 8570 na sasa 8140, na makampuni yanayochukua kandarasi zao huku Ghuba yanaitaka kwa jina. Bila jina hilo CV yangu isingepita kwa mtu wa ajira, ambaye paketi haijui wala haimhusu.

Kwa hivyo ndugu yangu wa Mwanza jiulize kazi waitafuta wapi. Kama ni hapo nyumbani, fuata alivyosema dada. Kama una nia ya Ghuba, Security+ iweke mwaka wa pili, usiiache kabisa.

Hata hivyo nikiri jambo. Kwenye mahojiano hawakuniuliza swali hata moja la Security+. Waliniwekea logi ya faiwoli kwenye skrini: anwani moja ya ndani yagonga anwani mia za ndani kwa poti 445, sekunde chache. Wakauliza, hii nini na wafanya nini kwanza? Nilijua 445 ni ya kushirikiana mafaili ya Windows, nikajua kompyuta moja haina sababu ya kuwabishia hodi wenzake wote, nikasema naitenga kwenye swichi kabla ya kuuliza zaidi. Hilo sikulitoa kwenye kitabu. Nililitoa kwenye miaka miwili ya kuvuta waya Mombasa.

mhadhiri_jioni, Arusha

Nafundisha CCNA madarasa ya jioni. Nina machache ambayo wanafunzi wangu wameyalipia kwa machozi.

Madampo, yale maswali yaliyoibwa ya mtihani yanayouzwa kwenye makundi ya Telegram: usiguse. Cisco, CompTIA na ISC2 wote wanafuta cheti na kumfungia mtu wakigundua. Nimemwona kijana aliyefaulu kwa njia hiyo akipewa swichi kwenye usaili, akaulizwa aweke VLAN mbili, yaani mitandao miwili iliyotengwa ndani ya swichi moja, mikono ikatetemeka. Alikuwa kijana mwerevu. Angeweza kujifunza hilo kwa usiku mmoja.

Jina kwenye akaunti ya Pearson VUE, kampuni inayoendesha mitihani hii, liwe sawa na la kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Kama NIDA ina majina matatu na wewe umejaza mawili, rekebisha kabla ya kulipa. Na fanyia kituoni. Mtihani wa nyumbani unataka chumba chenye utulivu, kamera, na umeme usiokatika kwa saa mbili; umeme ukikatika katikati, kueleza unaeleza wewe.

La mwisho, na hili nasema kwa msisitizo. Utakapoanza kujifunza kuchunguza poti utatamani kujaribu kwenye WiFi ya jirani au ruta ya mteja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia bila ruhusa kuwa kosa, hata kama hukuharibu kitu. Jaribu kwenye vifaa vyako, au kwa ruhusa ya maandishi.

KijanaWaIlemela

Nashukuru sana, dada MwanaTanga, kaka wa Doha na mwalimu. Ruta ya mteja niliifuta kwa Netinstall siku ileile niliyosoma hapa. Wiki ya sita sasa, hajarudi mtu.

CC nimejiunga, nasoma. CCNA nipo kwenye swichi. Subneti nipo sekunde arobaini. Usiku nikaamua kuijenga ile hadithi ya uhasibu kwenye Packet Tracer: ruta moja halali inayogawa DHCP, swichi moja, PC nne za VLAN 10, na ruta ya mhalifu kwenye poti ya 7. Nikawasha `ip dhcp snooping` na `ip dhcp snooping vlan 10`. Mhalifu kanyamaza kweli, lakini na PC zangu zote zimebaki na 169.254, anwani ambayo kompyuta hujipa isipopata ya DHCP. Nikaweka `ip dhcp snooping trust` kwenye poti inayokwenda kwa ruta halali. Bado. Nimekaa nayo siku mbili. Nimekosea wapi?

MwanaTanga

Hujakosea, umefika mahali ambapo kila mtu anakwama. Ile trust uliyoweka ni sahihi, iache.

Swichi ikiwasha snooping inabandika kitu kwenye ombi la PC kabla ya kulipitisha, kinaitwa option 82, kinasema ombi limetoka poti gani. Ruta yako ya Cisco inalipokea, inaona lina option 82 lakini sehemu ya anwani ya mpitishaji ni 0.0.0.0, inaona haliko sawa, inalitupa. PC inasubiri jibu ambalo halikuandikwa. Kwenye swichi andika `no ip dhcp snooping information option`, halafu PC ziombe upya.

Kabla hujaandika, badili Packet Tracer iende kwenye Simulation, tuma ombi moja, ubonyeze ile bahasha inapofika kwenye ruta. Iangalie inavyokufa. Ndipo uandike.

KijanaWaIlemela

Nimeiona ikifia kwenye ruta, dada. Nikaandika ule mstari, PC1 ikapata 192.168.10.11, na nyingine zote zikafuata. Ruta ya poti ya 7 inatoa ofa zake, hakuna anayezipata.

Ofisini nimepitia daftari la kazi. Ruta nilizofunga mimi zikiwa na toleo la zamani ni 44. Bosi amekubali nizipitie kwa gharama ya kampuni, nimemaliza 31. Kati ya 13 zilizobaki, nne ziko Ukerewe, nazifuata Jumamosi na kivuko cha asubuhi.